Beringi ya Upande wa Mota

Msichana Nduku alipoletwa kuwa fundi wa pili kiwandani kwetu Kiboko alikuja na mizani. Si spana, si nyundo; mizani ile ndogo ya plastiki ambayo akina mama hupimia unga wa keki. Akaiweka juu ya meza yangu ya kazi, akapiga pampu ya grisi mara moja juu ya kikaratasi, akasoma, akaandika kwenye daftari. Nikamuuliza anaoka nini.

"Napima grisi, Mzee Kaloki. Nataka kujua stroke moja inatoa gramu ngapi."

Nilicheka mpaka wanawake wa kuosha maembe wakageuka. Nimekuwa fundi miaka ishirini na minane, kumi na tisa ya kwanza kwenye mashine za mkonge, na sijawahi kusikia beringi ikiuliza gramu. Beringi inataka grisi. Unaipa mpaka ile chafu itoke pembeni na mpya ifuate, unafuta, unakwenda kunywa chai. Ndivyo nilivyofundishwa, na mashine zile ziliishi kuliko watu waliozinunua. Kwangu mgeni hapakuliwi nusu sahani akaambiwa ndicho kipimo chake, na sikuona kwa nini mashine ipakuliwe kama mgonjwa wa sukari.

Diploma alikuwa nayo, ndiyo. Alikuwa amekaa nayo kwao Kikima miaka minne bila kupata kazi, na kwa maoni yangu angekaa nayo kumi. Kabla ya kutia grisi alifuta mdomo wa beringi kwa kitambaa safi, taratibu, kama anayemfuta mtoto kamasi. Asubuhi alizunguka na kipimajoto, kile cha kuelekeza kwa mbali kama walivyotupima wakati wa korona, akipima homa za mashine moja moja. Hata mashine zenyewe nadhani ziliona aibu.

Mwenye kiwanda ni Waithaka, mtu wa Murang'a aliyekuja Kiboko kuuza mbao akaishia kukamua maembe. Mashine hazijui. Ukimwonyesha grisi atauliza mkate uko wapi. Januari, msimu ukiwa umepamba moto, alituita wote wawili ofisini.

"Msimu ikiisha naweka fundi mmoja tu," alisema. "Yule mashine zake hazinisumbui, huyo ndiye atabaki. Mwingine aende na amani."

Nina miaka hamsini na sita. Hakuna kiwanda kingine kuanzia Emali mpaka Kibwezi kitakachonichukua, na hilo nilikuwa nalijua. Lakini sikuogopa. Utamwogopaje mtu mwenye mizani ya keki?

Wiki iyo hiyo ikawa zamu yake kutia grisi mashine kubwa ya kukamua, ile inayosaga maembe yote yanayoingia. Shafti yake inashikwa na beringi mbili, na ile ya upande wa mota ndiyo inayobeba mzigo. Nilisimama nikamwangalia. Moja, mbili, tatu, basi. Nje halikuonekana hata tone.

"Umeitia grisi au umeisalimia tu?" nikamuuliza.

"Hii imezibwa na sili za mpira pande zote, Mzee. Grisi ikizidi haina pa kutokea, inasagwa humo ndani inapata moto. Zile za mkonge zilikuwa bushi wazi, huko ilikuwa sawa kujaza."

Akanieleza mimi habari za mkonge! Nilipoanza kazi hiyo alikuwa hajazaliwa. Niliona kumjibu ni kumpa heshima asiyostahili.

Saa saba alipokwenda kula muthokoi na wenzake, nilichukua pampu yangu niliyoitoa nyumbani. Ilikuwa na grisi nyekundu, ile tunayopaka magurudumu ya mkokoteni. Ya kiwandani ni nyeupe, eti ni ya viwanda vya chakula na haidhuru ikidondokea kwenye juisi. Kwangu grisi ni grisi. Nikaanza kupiga. Nilipofika mapigo kama thelathini nilisikia kitu kikisema pak, na grisi ikachungulia pembeni. Nikajua imeshiba. Nikafuta, nikaficha pampu, nikaenda kula kwa raha zangu. Sikuwa naharibu, jamani. Nilikuwa naiokoa mashine mikononi mwa mtoto, na siku ambayo zile alizozinyima zingeanza kulia na hii yangu ikanyamaza, Waithaka angeona mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Nduku alielekeza kipimajoto chake kwenye beringi ile, akakiangalia, akaelekeza tena. Akaenda kumwita bosi.

"Hii imefika tisini na tano. Juzi ilikuwa hamsini. Tusimamishe nifungue niangalie, ni masaa mawili tu."

Nje kulikuwa na pikapu kumi na moja kutoka Mbooni, maembe yameiva mpaka yananukia barabarani. Waithaka alinigeukia. "Mzee, wewe unaonaje?"

"Joto ni kazi," nikasema. "Hata mimi nikilima natoka jasho. Kwani mnanifungua?"

Wote wakacheka isipokuwa Nduku. Mashine ikaendelea.

Saa tano na nusu ililia mlio mmoja mrefu ambao ulinipanda mpaka kwenye meno, shafti ikakwama, mota ikanguruma na kuzima. Moshi ukatoka upande wa mota. Nduku ndiye aliyeikimbilia. Alifungua boliti huku akiungua vidole, akavua kifuniko, akakileta mbele yetu mimi na Waithaka na wenye maembe waliokuwa wameshaingia ndani wakipiga kelele.

Sili ilikuwa imesukumwa ikatoka mahali pake. Ndani kulikuwa na nyeupe kidogo sana, na nyekundu tele, nyekundu iliyopikwa ikawa nyeusi na ngumu kama ukoko wa chungu. Vyuma vilikuwa vya bluu kwa moto. Nikaelewa pale pale. Sikuhitaji diploma wala mizani. Kila alichoniambia kilikuwa kimelala pale kwenye kifuniko, na mimi ndiye niliyekipika.

"Kuna grisi nyekundu hapa," Nduku alisema. "Mimi situmii nyekundu."

Waithaka akaniangalia. "Mzee Kaloki, hii ni yako?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa na muda wa kutosha, hata wa kupumua mara mbili. Nikaiona Kiboko yote na mimi nikitembea ndani yake bila kazi.

"Aiee," nikasema. "Si yangu. Pengine ilitoka nayo kwa walioitengeneza. Mimi beringi hiyo sijaigusa, ilikuwa zamu yake."

Nduku alinigeukia. Mtoto wa Kikamba aliyelelewa hamwiti mzee mwongo mbele za watu, na mimi nilikuwa nimelitegemea hilo. "Mzee," akasema polepole, "sema tu." Nikaangalia maembe.

Waithaka hakungoja msimu uishe. Alimwachisha siku iyo hiyo, akasema kwa sauti ili wenye maembe wasikie kwamba watoto wa chuo wana makaratasi mengi na kazi hawana. Mimi niliitikia kwa kichwa. Nilingoja Nduku alie au anitukane. Angenitukana ningejisikia vizuri. Alinawa mikono, akafunga begi, akaja mpaka nilipokuwa.

"Mkiweka mpya, ya upande wa mota ni tatu. Ya upande ule mwingine ni mbili. Kila wiki mbili, na ile nyeupe tu. Usizidishe, Mzee. Watu wanakunywa hiyo juisi."

Kisha akaenda barabarani kutafuta gari la kwao.

Hayo ni ya mwaka jana. Tuliweka mpya, na natia tatu na mbili, kila wiki mbili, nyeupe tu. Nafuta mdomo kwanza. Hakuna beringi iliyoungua tangu hapo, hata moja. Nilikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu kiwandani. Siku hizi yote namwekea mtu mmoja, na huyo ndiye ninayemnyoa ndevu kila asubuhi.

Juzi walikuja watu watatu kutoka Kitui wanaotaka kufungua kiwanda kama chetu. Waithaka aliwaleta hadi kwenye mashine kubwa, mkono wake begani kwangu.

"Huyu ndiye mashine zangu zinamjua," aliwaambia. "Kulikuwa na msichana hapa wa diploma, nusura anifunge kiwanda. Mzee, waonyeshe vile wewe hufanya."

Niliwaonyesha. Moja, mbili, tatu, basi. Mwanamke mmoja kati yao, Muthoki, alishangaa ni kidogo hivyo, nami nikamweleza habari za sili na joto, vizuri kabisa. Wote watatu waliandika.

"Na wewe ulifundishwa na nani?" akaniuliza, kalamu ikingoja jina.

Waithaka alikuwa anatabasamu. Nilijua kutajwa jina la Nduku kungemsaidia. Watu hawa walikuwa wanatafuta fundi.

"Hakuna mtu," nikasema. "Nilijifunza mwenyewe."

Akaandika hivyo.