Uso wa Trent kwenye Runinga

Tangazo la kampeni lilianza kurushwa baada ya Krismasi, na kaka yangu Verlan akaacha kuwasha runinga kwake. Haikumsaidia kitu. Akiingia duka la vipuri vya matrekta, runinga ya ukutani inamwonyesha mwanawe. Akienda kunyoa, ni yule yule. Picha ya Trent ya kumaliza shule, tai imekaa upande, halafu kihenge chetu cha chuma cha kuhifadhia mahindi kimetiwa weusi, halafu sauti nzito: "Gavana Lindahl aliwafukuza wakaguzi. Trent Behrens alikuwa na miaka kumi na tisa tu."

Wenye tangazo walijiita Raia kwa Mashamba Salama. Katika kaunti yetu hakuna aliyewahi kumwona raia wao hata mmoja. Picha waliitoa kwenye tanzia ya gazetini, bila hodi wala pole.

Na mimi, Arlys, shangazi wa marehemu, ndiye niliyekuwa kiongozi wa kata yetu upande wa Seneta Rourke, mpinzani wa huyo Lindahl ndani ya chama chetu katika mbio za urais. Kwa hiyo tangazo lilikuwa likitufaidisha sisi. Verlan akaja jikoni kwangu, kofia mkononi.

"Dada, waambie watu wako waliondoe."

"Si watu wangu, Verlan. Ni kikundi cha nje."

"Wanamsaidia nani?"

"Sisi."

"Haya, sasa?"

Nikapiga simu ofisi ya kampeni kule Des Moines, akapokea mwanamke mwenye sauti ya asali.

"Mama Arlys, linatuuma kweli. Lakini sheria haituruhusu kupanga mambo na vikundi vya nje. Hatuwezi hata kuwapigia."

"Sijasema muwapigie. Seneta si ana mdomo? Asimame hadharani aseme hataki kubebwa na maiti ya mtoto wa watu."

"Nitalifikisha kwa wakubwa, mama."

Ama halikufika, ama lilifika likakaliwa. Rourke alikuwa anapanda kila wiki. Nani angemfunga mdomo anayemtukania adui yake bure? Nilitukana peke yangu jikoni mpaka mbwa akatoka nje. Lakini beji ya Rourke sikuivua. Nilijiambia kwamba mwizi akiiba kuku bila kutumwa na wewe, wewe si mwizi. Huku mchuzi nakunywa.

Kwetu Iowa, jioni ya uteuzi wa mgombea wa chama, mtu huchagua kwa miguu. Tunakutana ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule, kila mgombea anapewa pembe yake, na wewe unakwenda kusimama kwa mtu wako, jirani zako wote wanakutazama. Kisha vichwa vinahesabiwa. Nje theluji ilikuwa imefika magotini, na bado ukumbi ulijaa. Verlan alikuja pia, jambo ambalo sikulitegemea, akasimama chini ya goli pamoja na wachache wasiokuwa na upande.

Ndipo Phyllis Tvedt akaja kwenye pembe yetu. Phyllis alikuwa mtu wa Lindahl tangu kiangazi, bango mpaka kwenye banda la kuku. Aliivua beji yake, akanikumbatia.

"Nimekuja kwa ajili ya Trent," akasema.

Nyuma yake akaja Dale kinyozi na mkewe, kisha ukoo mzima wa Schroeder. Kila mmoja alinishika bega na kunitajia jina la mtoto. Watu wa kwetu mtu akifiwa hawajui la kusema, hupeleka bakuli la viazi na jibini wakaondoka. Jioni ile mikono ilikuwa mitupu, wakapeleka miguu. Waliamini ndivyo familia tulivyotaka, na hakuna aliyetuuliza. Niliona haya hata kuwatazama usoni.

Verlan alikuwa akiwahesabu kwa macho wanavyovuka. Mwishowe akamwendea mwenyekiti, Mwalimu Gaylen, akaomba kipaza sauti.

"Mnanijua," alisema. "Sipendi kuongea. Trent hakuuawa na gavana. Mahindi yaliganda ndani ya kihenge, lori lilikuwa linasubiri, na mimi nilikuwa na haraka. Nikamwambia apande aingie, ayachokoe na fimbo. Mota ya kutolea mahindi sikuizima. Yakamvuta chini. Mimi ndiye niliyemtuma."

Miaka miwili tangu mazishi nilikuwa nampelekea supu, na hilo sikuwahi kulisikia.

"Na wakaguzi hawaji kwenye shamba la familia," akaendelea. "Hawajawahi kuja, gavana awe nani. Kila mkulima humu anajua. Kwa hiyo msivuke kwa ajili ya mwanangu. Rudini mlikotoka."

Wakulima waliangalia viatu vyao. Nilidhani watarudi. Phyllis ndiye aliyetoka, lakini hakurudi kwa Lindahl. Alikwenda moja kwa moja kwa Verlan, akamshika mikono yote miwili.

"Verlan, baba, acha kujitesa. Si kosa lako, unasikia? Ni yule aliyewafukuza wakaguzi. Tumeona wenyewe."

"Mmeona wapi, Phyllis?"

"Si kwenye runinga? Kila siku."

"Masikini, anajibebesha," mtu akanong'ona. Wengine watatu wakatoka pembe ya Lindahl wakaja kwetu, wanafuta machozi.

Niliivua beji, nikamwachia Dale, nikaenda kusimama chini ya goli na kaka yangu. Haikupunguza kitu. Mwalimu Gaylen alihesabu, na Rourke akaibeba kata yetu kwa vichwa vingi kuliko mgombea yeyote niliyewahi kumwona.

"Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja cha mwanangu, dada," Verlan aliniambia. "Nilikuwa najua alivyokufa. Sasa na hilo wamenichukulia, tena wananipa pole."

Nilimshika mkono tukatafuta makoti yetu. Nyuma yetu walikuwa wakimpigia kaka yangu makofi.