Mtani wa Kuazima

Katika nyumba yetu, mtaa wa zamani wa Bagamoyo, mtoto hufundishwa mambo mawili kabla hata hajajua kunawa: kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba sisi tulitoka Shirazi. La kwanza nimelisadiki siku zote. La pili nimelifanyia uchunguzi. Nimesimama mara nyingi mbele ya kioo cha shangazi yangu, Bi Zaina, nikimtafuta huyo Mshirazi usoni mwangu, na kila mara anayenitazama ni kijana mweusi kama chungu cha jikoni, masikio yamesimama, pua imelala.

Kwa hiyo naomba ieleweke kwamba nilipoamua kuwa Mnyamwezi, sikuacha kitu kikubwa.

Sababu ilikuwa Mwanamkasi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka shule ya bweni na vyeti viwili: kimoja cha masomo, na kingine, kisichoandikwa, cha kumtilia kiranja mjusi ndani ya soksi. Kwa elimu hiyo nikapewa ukarani wa mizani katika ghala la mbata, karibu na forodha. Mwanamkasi, rika langu, alikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa uani wakichambua mbata, yaani nazi zilizokaushwa: nyeupe huku, zenye ukungu kule. Alikuwa na namna yake ya kuitazama mbata mbovu kabla ya kuitupa. Siku ya kwanza alinitazama mimi vivyo hivyo, kisha akanitupa.

Juu ya hilo, baba yake ndiye aliyekuwa nyapara wetu. Mwinyijuma, Mzaramo wa Zinga, kifua kama pipa. Mwanamume akisimama karibu na binti yake bila gunia kichwani, aliulizwa kwa upole kama amepotea. Ni mmoja tu aliyekuwa na ruhusa: Mgeni, mchukuzi, Mnyamwezi ambaye babu yake alishuka pwani na misafara ya pembe akapaona pazuri. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi hizo, na mtani hakasirikiwi. Ghala letu lilifunguliwa kila asubuhi kwa matusi.

"Mkwe wangu, hujambo?" Mgeni husema. "Mke wangu kaamkaje?"

"Mke gani?" Mwinyijuma hujibu. "Nani ampe binti mtu mwenye kichwa bapa kwa mizigo, mvua ikinyesha maji yanatuama juu yake?"

"Afadhali bapa kuliko kichwa cha Mzaramo. Nyinyi mkisikia ngoma mnaiweka maiti chini mkacheze kwanza."

"Mwongo mkubwa! Huwa tunacheza nayo."

Ua mzima hucheka. Na Mwanamkasi, meno yote nje, humwambia Mgeni: "Mume wangu, na leo umekuja bila kuoga?"

Mume wangu! Niliposikia neno hilo likipotezwa kwa mtu anayejikuna mgongo kwenye nguzo, nilisoma mizani vibaya asubuhi nzima.

Nikamwendea Mgeni. "Nataka kuwa Mnyamwezi."

"Kwa nini?"

"Bibi yangu mzaa mama..."

"Usiniongopee mimi. Waongopee hao." Akanitazama kuanzia kichwani, ambako hakukuwa na alama ya mzigo wowote, hadi viatuni. Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo mtu mwenye akili angelikimbia. "Karibu kabila," akasema, akanipa mkono.

Kesho yake akatangaza uani kwamba bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Tabora, na kwamba Washirazi wameificha siri hiyo kwa aibu. Watu waliamini papo hapo. Wengine walisema walikuwa wameligundua zamani, kwa kuyatazama masikio yangu. Hilo liliniuma kidogo.

Lakini utamu wa siku zile! Nilimwambia Mwinyijuma kwamba tumbo lake limejaa maboga ya wizi, naye akanipiga bega kwa furaha mpaka nikakaa chini. Kisha nikamgeukia binti yake.

"Mke wangu," nikasema, na sauti yangu, iliyokuwa imekwisha kuvunjika tangu darasa la saba, ikavunjika tena.

"Bee, mume wangu. Mbona wanitolea sauti ya mbuzi?"

Siku hiyo sikula.

Mambo yakaenda hivyo mpaka tukasikia kwamba kuna watu wa Mlingotini watakuja kumposa baada ya Ramadhani. Nikaona utani sasa basi. Nikamfuata penye rundo la mbata, nikainama, nikamwambia polepole: "Mwanamkasi, mimi nakupenda kweli."

"Nami nakupenda, mume wangu," akajibu kwa sauti ya kusikika hadi forodhani. "Ila mahari yangu utaibeba mwenyewe kichwani kutoka Tabora!"

Wanawake wakaangukiana kwa kicheko. Nikarudi kwenye mizani yangu nimejifunza jambo ambalo hawafundishi bweni: nilikuwa nimetafuta mlango kwa bidii zote, nikaupata, kumbe umechorwa ukutani. Kila neno la mtani ni mzaha. Ningeweza kumwambia nakufa, naye angeniuliza kama Wanyamwezi hufa wamesimama.

Wiki ile ile akafariki mama yake Mwinyijuma, Bi Mwanabaraka, mkongwe wa Zinga. Ghala lilifungwa. Mgeni akanijia uso umenawiri kuliko inavyofaa.

"Pole, mtani. Kazi ipo."

"Kazi gani?"

"Hujui? Mzaramo akifa, watani ndio tunachimba kaburi, tunapasua kuni, tunaosha masufuria. Na siku ya kuondoa matanga tunamwigiza marehemu, wafiwa wacheke, huzuni iwatoke. Miaka yote hii Mnyamwezi wa ghala hili ni mimi peke yangu. Mgongo umekwisha! Nilimwomba Mungu msaidizi, akaniletea karani."

Sitaeleza habari za kaburi. Mikono yangu ilikuwa imezoea penseli, na ardhi ya Zinga haikuzoea kuchimbwa kwa adabu. Mgeni alisimamia.

Siku ya kuondoa matanga akaniambia ana kifua, hivyo marehemu nitakuwa mimi. Nilipinga kwamba sikuwahi kumwona. Akaniambia habari zake ni fupi: alitembea ameinama, alikuwa na tumbaku shavuni, na aliwakemea kuku na wanawe kwa sauti moja. Nikavishwa kanga yake, nikatiwa tumbaku shavuni, nikapewa fimbo yake, nikasukumwa uani mbele ya Zinga nzima.

Nikainama. Nikafukuza kuku mmoja. Watu wakaguna kwa kumtambua marehemu. Nikamwendea Mwinyijuma nikamchoma fimbo ya ubavuni.

"Wee Mwinyijuma! Umekula kwenye matanga yangu kuliko siku zote nilizokupikia!"

Alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Akaishika ile fimbo, akaipapasa kidogo, akaniachia. Nikafikiri kwamba pengine hili ndilo jambo la kwanza la maana nililopata kulifanya.

"Sadallah?"

Sauti ilitoka mlangoni mwa ua. Alikuwa shangazi yangu, Bi Zaina, ndani ya buibui lake jipya. Kwa miaka mingi alikuwa akinunua kuku kwa marehemu, naye alikuja kuhani.

"Sadallah wa Bwanaheri! Mjukuu wa Washirazi! Umevaa kanga ya nani?"

"Mama," Mgeni akaingilia upesi, "kijana ni mtani. Bibi yake mzaa mama wa Tabora..."

"Tabora? Bibi yake kazaliwa nyumba ya pili kutoka kwetu! Hata mto Ruvu hajauvuka!"

Yule kuku akarudi. Mwinyijuma akasimama, na alikuwa na mengi ya kusimamisha.

"Kwa hiyo wewe si mtani."

"Si mtani, mzee."

"Basi yale maboga ya wizi yalikuwa tusi."

"Naona... ndiyo."

"Na fimbo hii ya mbavuni?"

"Hiyo ilikuwa ya marehemu."

Mtu mmoja akakohoa. Mwinyijuma hakukohoa.

"Na binti yangu, uliyekuwa ukimwita mke wako mbele za watu?"

Ningeweza kusema nilikuwa nikicheza, nikapigwa kidogo, nikaenda zangu. Lakini watu wa Mlingotini walikuwa njiani, na sikuwa tena na kabila la kujifichia.

"Hilo," nikasema, kanga kifuani na tumbaku shavuni, "ndilo pekee ambalo halikuwa mzaha."

Nilingoja radi. Ikaja sauti ya Mwanamkasi kutoka barazani.

"Baba, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mgeni akiniita mke wangu, anajikuna. Huyu akiniita, anatetemeka mpaka mizani inacheza. Mtani gani anatetemeka? Nilikuwa namngoja atoke nyuma ya Wanyamwezi aseme mwenyewe."

Mwinyijuma akamtazama binti yake, kisha akamtazama shangazi yangu. Bi Zaina alikuwa akitazama juu, kana kwamba Shirazi iko huko.

"Posa haiji imevaa kanga ya mamangu," nyapara akasema hatimaye. "Waje wazee wake, waseme kama watu. Wa Mlingotini nao wakija nitawasikia. Lakini kazi ya watani aliyoianza ataimaliza. Masufuria yale pale."

"Washirazi hatuoshi masufuria!" akasema Bi Zaina.

"Basi leo si Mshirazi wala Mnyamwezi, mama. Ni mikono miwili tu."

Mgeni alikuwa amekwisha kujilaza kivulini. Nikachuchumaa nikasugua kwa majivu na makumbi, na malengelenge yangu ya kaburini yakapasuka moja moja. Mwanamkasi akaja na ndoo ya maji, akaitua kando yangu.

"Sadallah," akasema. Si mume wangu. Jina langu, kwa mara ya kwanza, nalo lilikuwa zito kuliko gunia lolote nililowahi kupima. "Umebakiza masizi."

"Wapi?"

Akanionyesha shavu langu. Nikasugua. Nikasugua tena.

"Bado?"

"Bado."

"Basi hayo si masizi," nikamwambia. "Hiyo ndiyo Shirazi yenyewe."

Alicheka mpaka akaipiga ndoo teke, maji yakamwagika. Bi Zaina akauliza kutoka ndani kuna nini. Nikaiinua ndoo, nikaenda kuteka maji mengine.