Dari Ambayo Hakuna Aliyeigonga

Veikko Lahtinen ni mwana wa Toivo, na Toivo ni mwana wa Kalle, aliyevuka bahari kutoka Ufini akachimba nikeli katika migodi ya Sudbury kwa miaka thelathini na sita. Katika ukoo huo hakuna aliyepata kuandika uongo katika taarifa ya zamu, wala aliyepita chini ya mwamba bila kwanza kuugonga kwa mtaimbo na kuusikiliza. Mwamba mzima hulia kama kengele. Uliopasuka hutoa sauti ya pipa tupu.

Asubuhi moja, mgodini, Veikko aligonga dari ya handaki la saba mara tatu. Mara zote tatu lilimjibu pipa.

"Kaisa, usiingie," akamwambia mjukuu wake, kiongozi wa zamu.

"Babu nawe! Akili bandia imeshatoa taa ya kijani, ni salama. Huo mtaimbo wako umesomea chuo gani?"

Wenzake Kaisa wakaangua kicheko. Veikko hakucheka.

"Hiyo akili yenu imejuaje?"

"Inapima mitetemo, halafu inachanganya na majibu yetu ya kila asubuhi."

Akamwonyesha skrini. Dari imegongwa? Ndiyo. Siku arobaini na moja, ndiyo tupu.

"Kagonga nani?"

Kaisa akamgeukia Marcel, mchimbaji mwenzake. "Si wewe?"

"Mimi? Wee! Nilijua mashine inasikia yenyewe. Mimi nabonyeza tu, tuanze kazi."

Mashine iliwaamini watu, watu wakaiamini mashine, na kwa siku arobaini na moja hakuna sikio lililousikiliza mwamba.

"Futa," Veikko alimwambia Kaisa. "Andika ukweli."

Kaisa akaandika hapana, siku baada ya siku. Kwenye skrini handaki la saba likageuka jekundu. Kisha la nane. Kisha la tano, la pili, la kumi, na mengine yote. Kwani mashine ilikuwa imejifunza kuupima mgodi mzima kwa majibu yale. Katika tisa kati ya hayo, watu walikuwa ndani tangu alfajiri.

Kaisa alinyakua simu. "Tokeni! Acheni kila kitu, tokeni!"

"Kuna nini, dada?" sauti ikauliza kutoka handaki la tano.

Mtetemo ukapita chini ya buti zao. Simu ikanyamaza.

Nanyi vijana, mnaofanya kazi bega kwa bega na mashine hizi, sikieni: msiziambie ndiyo kwa jambo ambalo hamkulifanya. Zitawaamini.