Kidude cha Pajani

Mama mkwe wangu, Bi Chausiku, alikuwa hatembei. Ndivyo alivyosema mwenyewe na ndivyo mtaa mzima ulivyoamini. Nilimkokota msalani, nikamwogesha, nikamsogezea chakula kitandani, na shukrani yake ilikuwa kuwaambia wageni kwamba nina mikono mizito. Mume wangu Ibrahimu anafanya kazi Dar, huja Bagamoyo Ijumaa na kuondoka Jumapili, kwa hiyo habari za nyumba alizipata kwa mama yake.

Hayo ningeyasamehe. Lililonikaa rohoni ni la mama yangu mzazi. Mwaka jana alishikwa na homa kali kule Saadani, nikapigiwa simu niende. Bi Chausiku akaangua kilio. "Ukienda, mimi nani atanipeleka msalani?" Ibrahimu akaniambia kwenye simu nivute subira mpaka Ijumaa, aje yeye nami niende. Mama alifariki Jumatano asubuhi na alasiri akazikwa, maana kwetu maiti hacheleweshwi. Nilifika nikakuta kaburi limeshamwagiwa maji. Uso wake sikuuona.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi kutoka soko la samaki nikakuta chupa ya achari ya ndimu imeshuka kutoka juu ya kabati, mahali ninapofika mimi kwa kuchuchumia. Nikamuuliza mama mkwe nani kaingia.

"Paka," akasema.

Nikaitazama chupa. Kifuniko kilikuwa kimefungwa vizuri, na mdomoni mwa mama mkwe kulikuwa na harufu ya ndimu. Nikairudisha juu ya kabati, kwani nani angeniamini? Lakini tangu siku hiyo damu yangu ilikuwa inachemka kila nilipomwinua.

Ndipo akaja Mwanahija, binti mpole mwenye kitambulisho shingoni. Alisema wenzake wanafanya utafiti wa namna watu wazima wanavyoitumia miili yao kutwa nzima: kulala, kukaa, kusimama, kutembea. Nyumba yetu ilikuwa imechaguliwa, na kila mtu mzima aliyemo angevaa kifaa, mgonjwa kwa mzima. Kilikuwa kidude kidogo kama kipande cha sabuni kilichokwisha, kinabandikwa pajani kwa plasta isiyoingia maji, na hakivuliwi wiki nzima hata wakati wa kuoga. Alieleza taratibu, akarudia.

Bi Chausiku hakusikiliza. Kila kifaa alichowahi kuwekewa na mtu mwenye kitambulisho kilikuwa cha presha au sukari, naye akaamua kwamba hiki nacho kinatafuta ugonjwa.

"Kitaonyesha ninavyoteseka?"

"Kitaonyesha mwili wako unavyokwenda, bibi."

"Nibandike, mwanangu. Watu wapate kuamini."

Ningeweza kumwelewesha. Nilikwenda kuchemsha chai.

Wiki hiyo nilimpa nafasi. Nilitoka mapema, nikakawia kurudi, na siku nyingine nilijikalia tu kwa jirani yetu Bi Dija, aliyezoea kumletea mama mkwe uji wa mgonjwa, nikimsaidia kusuka ukili wa mikeka. Nikirudi namkuta kitandani anaugulia, nami namwambia pole mama. Sijawahi kusema pole kwa raha namna ile.

Majibu yalikuja Jumamosi, na Ibrahimu alikuwepo. Bi Chausiku mwenyewe alimwita Bi Dija na wenzake wawili wa maulidi waje kusikia. Mwanahija akatoa kishikwambi chake, akavuta habari kutoka kwenye kidude, akaona watu, akasita.

"Bibi, haya ni yako peke yako. Tuingie ndani nikuonyeshe."

"Hapa hapa. Sina siri mimi, nina maradhi."

Mwanahija akanitazama. Mimi nikatazama birika.

"Njano ni kukaa na kulala," akasema kwa sauti ndogo. "Kijani ni kusimama. Nyekundu ni kutembea."

Mpaka Bi Dija, asiyejua kusoma, aliona. Kila asubuhi nilipotoka nyumbani, nyekundu ilianza. Niliporudi, ilikatika.

"Hakikosei hiki?" Ibrahimu aliuliza.

"Hukosea kidogo, kaka. Lakini si kila siku kwa saa zile zile."

"Nilikuwa najinyoosha," alisema Bi Chausiku.

"Na uji wangu wote ule," alisema Bi Dija, akachukua kanga yake akaondoka. Wale wa maulidi wakamfuata bila kuaga. Mwanahija alikibandua kidude, akaomba radhi ambayo haikumhusu, akaenda zake. Nilifurahi. Sitaki kudanganya hapa, nilifurahi sana.

Ibrahimu alikuwa amejishika kichwa. Nadhani naye aliikumbuka ile Ijumaa aliyotaka niisubiri. "Raya," akasema, "unataka nifanye nini?"

Jibu nilikuwa nalo tangu wiki ile. "Kesho twende Saadani. Mama akamtake radhi mama yangu kaburini. Gari utaliacha barabarani."

"Kutoka barabarani mpaka makaburini ni mbali, na ni mchanga mtupu."

"Najua. Niliupita nikikimbia."

Tulikwenda. Ibrahimu alibaki kwenye gari kwa sababu nilimwambia abaki. Nilitangulia, na Bi Chausiku alinifuata nyuma akiburuza kandambili zake, jua likiwa utosini. Mwanzoni alikwenda vizuri. Halafu nikasikia pumzi zake zinapanda, kisha nikasikia amesimama.

"Raya, mwanangu, nishike mkono. Miguu inaniuma."

Niligeuka. Uso ulikuwa umemwiva, jasho linamtiririka, na magoti yalikuwa yanatetemeka. Inawezekana yalimuuma kweli. Sikuwa na namna ya kujua tena, na mtu aliyeniondolea namna hiyo ni yeye.

"Mama yangu yuko pale mbele," nikamwambia, nikaendelea kutembea.