Kidole cha Daktari Njoka

Haya nilisimuliwa na Kabura wa Kiriaini, Agosti ya mwaka wa tisini na nane, tukichambua maharagwe ya harusi ya mpwa wake. Mengi aliyaona kwa macho yake, na yale ambayo hakuyaona aliambiwa na Murugi mwenyewe.

Murugi, mke wa Kihara, alikuwa na kisasi kimoja tu, na alikilea miaka sita kama mtu anavyolea ndama. Tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa tisini na moja, alipelekwa hospitali ndogo ya misheni nje ya mji wa Nyeri, tumbo limemshika hata kusimama hawezi. Daktari Njoka alimpapasa, akasema kitu kwa Kiingereza, akaondoka. Muuguzi akaja na karatasi, akamshika mkono, akamchovya kidole gumba kwenye wino na kukibandika chini ya maneno ambayo hakusomewa. Murugi alikuwa amefika darasa la tatu, na jina lake alijua kuliandika vizuri. Hakuna aliyemuuliza. Alipozinduka akaambiwa uvimbe umetolewa, na kizazi kimeenda nao. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mtoto mmoja, Mutahi.

Sasa alitaka kitu kimoja: Njoka apakwe wino mbele ya watu, na ajue ni kwa nini.

Mwaka wa tisini na saba hospitali ikapata kompyuta, na msichana wa kuitumia, Mwende, kutoka Machakos. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kadi za picha, ili mgonjwa na daktari waangalie pamoja kabla ya mtu kupasuliwa. Mwende hakutaka kuzichora peke yake. Akaomba akina mama wa kanisa waje wazijaribu.

"Twende, Mama Mutahi," Kabura akamwambia. "Kuna chai na mkate."

"Njoka bado yuko?"

"Yuko. Ameongeza kitambi."

"Basi nakuja."

Kadi ilikuwa na picha ya tumbo lenye uvimbe, na chini yake njia tatu: kungoja, dawa, au kupasuliwa. Wale wengine walisifu rangi. Murugi aliishika kadi muda mrefu.

"Hii njia ya tatu," akasema, "mbona haionyeshi kwamba mtoto hatakuja tena?"

"Daktari alisema tusiwatishe watu."

"Chora shuka ya kubebea mtoto, imekunjwa, imewekwa kando. Kila mama ataelewa."

Mwende akaandika.

"Na hii kadi inakaa na nani?"

"Inawekwa kwa faili, mama."

"Iende nyumbani na mgonjwa. Siku tatu, kama si jambo la kufa. Aulize anaotaka kuuliza. Halafu hapa chini, daktari atie kidole kwanza. Kidole, si sahihi. Mgonjwa ndiye achague, kalamu ama kidole."

Mwende akaweka kalamu chini. "Mama, haya yote umeyatoa wapi?"

"Nafikiria tu."

Kabura alipaliwa na chai, kwa maana alijua hayo hayakuwa mawazo ya asubuhi moja. Lakini Mwende aliichapa kadi vile vile ilivyosemwa.

Siku ya kuionyesha kwa wageni wa misheni, ukumbi ulijaa. Mtu wa kuigiza mgonjwa akatakiwa, na Murugi alikuwa ameshasimama kabla jina halijaitwa. Akakaa mbele ya Njoka. Njoka akamtazama kama mtu anavyotazama kiti. Hakumkumbuka hata kidogo, na hilo lilimuuma Murugi kuliko kisu.

Njoka akaanza kueleza haraka haraka.

"Daktari," Murugi akasema, "igeuze. Mimi naiona kichwa chini."

Watu wakacheka. Njoka akaigeuza, akaeleza polepole, mpaka akafika kwenye ile shuka iliyokunjwa.

"Hii ni nini?" Murugi akauliza.

"Ni... ati hutazaa tena."

"Asante. Sasa weka kidole."

Njoka akatoa kalamu mfukoni. Murugi akamsogezea kikebe cha wino.

"Mama, mimi najua kuandika."

"Hata mimi."

Njoka akamtazama Mwende. Mwende akasema kadi haina nafasi ya sahihi ya daktari. Basi Njoka akachovya kidole gumba, akabandika, na wino ukamtiririkia hadi kwenye mkono wa shati.

Ndipo Murugi akachukua kalamu. Aliandika bila haraka: Murugi Kihara, 14 Machi 1991.

"Leo si Machi, mama," Njoka akasema.

"Najua leo ni lini. Siku hiyo ni wewe ulinipasua. Faili iko nyuma ya huo ukuta. Kidole kilicho ndani ni changu, na hukuniuliza kama najua kuandika. Hukuniuliza kitu."

Njoka akanong'ona, "Ungekufa, mama."

"Labda. Ungeniambia, nichague."

"Pole."

"Sema kwa sauti. Wale wa nyuma hawasikii."

Njoka akasimama, uso umemvimba, akasema pole ikafika mlangoni.

Mwende akamuuliza Murugi kama kadi itumike. Murugi akasema itumike, lakini kila Jumanne atakaa kwenye benchi nje ya chumba cha Njoka, aone kadi zikitoka na alama ya kidole cha daktari. Mkuu wa hospitali akakubali papo hapo, kwa kuwa wageni walikuwa wanasikiliza. Tangu hapo, Kabura aliniambia, gumba la Njoka ni la buluu Jumatatu hadi Ijumaa, na kanisani hupokea mkate kwa mkono wa kushoto. Wanawake wawili wameshasema hawataki kupasuliwa, na wako tu, wanalima.

Jioni ya siku ile ya wageni, Kihara alimkuta mkewe ameketi kitandani, viatu bado miguuni.

"Sasa umetosheka, Mama Mutahi?"

"Bado. Nimeanza tu."

"Maziwa nimekamua mimi. Lala."

Akamvua viatu. Jua lilikuwa bado kwenye majani ya chai, na kabla Kihara hajafunga mlango, Murugi alikuwa anakoroma.