Mkeka Usiopindwa Ukingo

Finiyasi alianza kuubomoa uzio wa bafu lake upande wa barabarani, kwa sababu upande ule ndio uliokuwa na matete manene. Aliyachomoa moja moja, akayagonga gotini kutoa mchwa, akayalaza ndani ya mtumbwi mbovu uliojaa maji ili yalainike. Hata kufika saa nne asubuhi, mtu yeyote aliyekwenda kisimani angeweza kumwona mzee huyu akioga, kuanzia shingo hadi mahali ambapo mke wake peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kupaona.

"Shemeji," Melenia, dada wa mke wake, alimwita toka barabarani, ndoo kichwani. "Siku ya kuoga utuarifu mapema, tuje na viti."

"Viti vya nini? Ni jambo la kutazama mara moja na kwenda zako."

Melenia alicheka hadi maji yakamwagika begani. Halafu akayaona matete ndani ya mtumbwi, jinsi yalivyochaguliwa kwa urefu, na kicheko kikamkatikia. Ulikuwa urefu wa mtu.

"Umeamua kumsukia mkeka," alisema.

"Siku ishirini na mbili, Melenia. Atalalia tope hadi lini?"

Mke wake, Ezelina, alikuwa ameingia kinamasini kuchimba mizizi ya yungiyungi. Mahindi yalikuwa yameungua shambani mwaka wa pili mfululizo, na mizizi ile, ingawa ni michungu na lazima uichemshe mara tatu, ndiyo iliyowavusha watu wa bonde lile kila njaa ilipokuja. Lakini mwaka huu kinamasi kilikuwa na nyaya. Watu wa kambi ya watalii walikuwa wamekizungushia, na Mfumu Galonga, mkuu wa kijiji, alikuwa ametia kidole gumba kwenye karatasi kwamba watu wake hawaingii tena. Ezelina alipita chini ya waya na wenzake watatu. Askari walipopiga filimbi na risasi moja hewani, wenzake walikimbilia nchi kavu. Yeye alikuwa ndani zaidi, maana alipenda mizizi mikubwa, kwa hiyo alikimbilia majini. Filimbi ikanyamaza. Na maji nayo yakanyamaza.

Kesho yake Finiyasi alikwenda kwenye kibanda cha askari. Alimkuta Laitoni, askari aliyevaa buti kubwa kuliko miguu yake, anamenya muwa.

"Mke wangu yumo humo. Naomba niingie nimtafute, nimzike."

"Humo haingii mtu, mzee."

"Aliingia."

"Kwa kibali gani?"

"Hana kibali."

"Basi hakuingia." Laitoni alitema makapi ya muwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayemwelekeza mgeni njia. "Nikiandika amefia ndani, lazima niandike aliingiaje. Nikiandika aliingia, wataniuliza nilikuwa wapi. Lete barua ya mfumu kwamba kuna mtu amepotea. Mkubwa ataangalia."

Mfumu alimpokea barazani kwake, kwenye kiti kipya cha plastiki ambacho bado kilikuwa na nailoni yake.

"Pole sana, ndugu yangu. Pole mno. Lakini mimi nimeshaweka kidole kwamba hawaingii. Leo niandike ameingia? Wenyewe watanionaje?"

"Ezelina ni wa kwako, mfumu. Ulicheza ngoma ya unyago wake ukala na jogoo."

"Ndiyo maana naumia." Mfumu akajimiminia chai. "Umeuliza kwa ndugu zake huko ng'ambo, Msumbiji? Wanawake wakinuna wanakwenda mbali."

"Ezelina akinuna hakai mbali. Anakaa karibu ili nimwone vizuri."

Barua haikuandikwa.

Kwa hiyo Finiyasi akakaa chini na matete ya bafu. Tete hupasuliwa kwa kisu, likafunuliwa, likapondwa kwa kipande cha mti hadi lilale bapa kama utepe. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi hiyo waliifanya wawili: yeye akiponda mara moja, Ezelina, upande wa pili wa gogo, akimjibu. Ko, na ko. Majirani walijua kwa mlio kama wale wawili wamegombana, maana siku hiyo jibu lilikawia.

Aliinua mti, akaponda. Ko.

Kutoka kinamasini, mbali, ikajibiwa. Ko.

Akaushusha mti. Kimya. Akaponda tena, akajibiwa tena, jibu la kukawia kidogo, la mtu aliyenuna.

"Ni pampu ya maji kambini," alisema Melenia, aliyeketi karibu, lakini alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, na vinyweleo vya mikono yote miwili vimesimama.

"Pampu inayonisubiri mimi nianze?"

Alisuka siku tatu. Alipomaliza, pande tatu alizipinda na kuzishona. Upande wa kichwani aliuacha wazi, ncha za matete zikining'inia kama ndevu. Mkeka wa mtu aliye hai hupindwa kingo zote nne. Wa maiti huachwa upande mmoja, ili anayekwenda asizibiwe njia. Mahali ulipotandikwa, wanawake huvua vilemba na kupiga magoti. Hakuna mzima anayeulalia. Ukiulalia inakuwaje? Haijulikani, hakuna aliyewahi kuwa mjinga wa kiasi hicho.

Siku ya nne Mfumu alikuja na Madamu Thoko, mwanamke wa mjini aliyekuwa akipamba mahema ya kambi. Viatu vyake vilikuwa vinazama mchangani, naye alikuwa anavitia moyo kwa maneno. Aliuona mkeka ukutani, akaupiga picha, akaunusa.

"Na hizi ndevu zake! Mfumu, hizi zina maana gani?"

Finiyasi alimtazama Mfumu. Mfumu alitazama viatu vya Madamu.

"Ni urembo," alisema Mfumu. "Urembo wa kwetu, wa zamani."

"Basi nataka arobaini. Huu nauchukua sasa hivi, na mingine thelathini na tisa kabla ya sherehe ya ufunguzi. Kila kitanda kiwe na mmoja."

"Huo una mwenyewe," alisema Finiyasi.

Mfumu alimvuta pembeni, hadi penye pengo la bafu. "Acha kichwa ngumu. Utasuka kwa matete gani? Itabidi wakupe kibali cha kuingia kinamasini. Umenielewa? Kuingia. Na ufunguzi ukiisha vizuri, mimi mwenyewe nitakuandikia ile barua, uingie na watu na mitumbwi, mumtafute."

"Unajua ni mkeka wa nini."

"Wao hawajui. Asiyejua hadhuriki."

Finiyasi alimwona mama yule akiukunja mkeka wa Ezelina kama anayekunja gazeti. Kuingia, aliwaza. Kuingia.

Walimpa kibali chenye muhuri, na Laitoni wa kumsindikiza. Mwisho wa kukata ulikuwa kigingi kilichopakwa rangi nyekundu. Siku ya kwanza Finiyasi alikata matete hadi maji yakamfika kifuani, huku akiita jina polepole, kama mtu anayemwita kuku. Siku ya pili, ng'ambo ya kigingi, hatua kama kumi, alikiona kikapu. Kilikuwa kimenaswa kwenye maua ya yungiyungi, mshikio wake umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Kikapu kile alikisuka yeye, na kitambaa kile alikifunga Ezelina baada ya kulalamika miaka miwili kwamba mshikio unamkata.

"Laitoni. Kile pale ni kikapu cha mke wangu."

Laitoni alitazama alikooneshwa. Alitazama muda mrefu.

"Kiko nje ya kigingi, mzee," alisema. "Sikioni."

Mikeka thelathini na tisa ilikwisha. Kijiji kizima kilijua jinsi ilivyosukwa, na hakuna aliyesema, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa na mtu aliyepata kazi ya kufua au kufyeka kambini. Waliotandika vitanda walitandika wamefumba macho.

Siku ya ufunguzi wageni walikula nyama na kunywa vinywaji vyenye vipande vya matunda. Wanawake wa kijiji, Melenia akiwa mmojawao, walicheza ngoma ya kuwakaribisha. Finiyasi alisimamishwa pembeni kama fundi. Kisha Madamu Thoko akautandika mkeka mmoja kwenye majani, katikati ya watu wote. Finiyasi aliutambua kwa mbali. Matete yake yalikuwa na makovu ya kamba za bafu.

"Mfumu atuonyeshe wenyeji wanavyolala! Kwa ajili ya picha!"

Mfumu alicheka kidogo. Alisema mgongo unamuuma. Alisema joto limezidi.

"Mfumu jamani, si ni urembo wenu?"

Alimtazama Finiyasi kama mtu anayeomba maji. Finiyasi alikuwa akitazama mfuko wa koti la Mfumu, ambamo ile barua bado haikuwamo. Mfumu akavua viatu. Akaketi, akajilaza, kichwa upande wenye ndevu.

"Fumba macho. Mikono kifuani. Hivyo hivyo!"

Melenia aliacha kucheza. Mkono wake ulikwenda kichwani wenyewe, ukavua kilemba, na magoti yake yakagusa chini. Mmoja baada ya mwingine wanawake wote wakapiga magoti, vichwa wazi, na sauti ya chini isiyo na maneno ikaanza kuwatoka. Wageni walipiga makofi. Wengine walifuta machozi kwa uzuri wa jambo lile.

Kutoka upande wa yungiyungi ikasikika. Ko.

"Aa, imeharibika," Madamu Thoko alisema, akiangalia picha. "Yule mzee wa mikeka amegeukia majini. Mzee, tazama huku. Kina mama, bakini hivyo hivyo, mnapendeza. Mfumu, usiamke. Tunarudia."