Mpaka Mfupa Uote

Fizi za Bujiku zilitoka damu miaka mingi kabla hajajua kwamba ugonjwa ule unakula hata mfupa. Alipojua, meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yakicheza kama vigingi kwenye tope. Katika hospitali moja ya misheni, upande wa Iringa, Daktari Silvester alimwambia meno yenyewe ni mazima. Kilicholika ni mfupa unaoyashika.

"Nitakupandikiza mfupa mwingine."

"Wa nani?" Bujiku aliuliza. "Wa ng'ombe sitaki. Wa marehemu ndiyo kabisa."

"Wako mwenyewe, mzee. Naukwangua huku nyuma ya magego, naujaza mbele. Mungu akijalia, utaota."

Fizi zikafunuliwa, mizizi ikasafishwa, vipande vya mfupa vikajazwa, fizi zikashonwa. Meno yakafungwa kwa waya. Sharti lilikuwa moja: yasisukumwe na kitu chochote mpaka mpunga uvunwe. Yakisukumwa, mfupa hautashika, nayo yatang'olewa.

Alirudi kwake Usangu, karibu na Igawa, mvua zikianza. Hapo ndipo shida ilipoanza. Maksai wake aliwafundisha kwa mluzi wa vidole viwili, na vidole hivyo hukaa nyuma ya meno yale yale. Tena katika ukoo wake, tangu walipokuwa Usukumani, mluzi wa kulimia ni wa mwanamume. Mwanamke akiupiga, walisema, ng'ombe watamdharau mwenye mji.

Asubuhi ya kulima alisali, akashika plau, akawapigia kelele. Maksai wakasimama tu. Mkewe, Helena, akawavuta kwa kamba. Wakapiga hatua mbili, wakagoma. Maji yalikuwa yanapanda majarubani, na jirani yao Seni alikwisha kulima nusu ya shamba lake.

"Kaka," Seni aliita kutoka kwenye tuta, "leo umewaleta ng'ombe mafungo ya kimya?"

Bujiku aliliachia plau. Akanawa vidole, akavipeleka mdomoni.

"Baba Nkuba, acha!" Helena alisema. "Nimekukorogea uji tangu Iringa ili uje uyamwage meno hapa?"

"Na mwakani tule nini? Meno?"

Helena akaiachia kamba. Kwao alikozaliwa hakukuwa na watoto wa kiume, na mbuzi wa baba yake aliwachunga yeye. Akatia vidole vyake mdomoni, akapiga. Maksai wakainua vichwa, wakavuta. Plau likaanza kwenda peke yake, likilala ubavu.

"Ala!" Seni alicheka mpaka akashika magoti. "Shemeji, basi mfunge na kaka kitenge!"

Vidole vya Bujiku vilikuwa bado mdomoni. Mluzi wake mmoja tu ungemnyamazisha Seni. Plau lilizidi kwenda mbali. Akashusha mkono, akalikimbilia, akalishika kwa mikono yote miwili.

"Waambie wakate kushoto," alimwambia mkewe, mdomo nusu wazi.

Helena akapiga tena. Walipomaliza jaruba la kwanza Seni alikuwa bado anacheka, nao wakaingia la pili.